Injini Isiyopata Moto na Kawa la Shangazi

Ndugu zangu wa steji ya boda ya Bwaise na majirani wa Katwe, mmeniuliza safari ilikuwaje, na kila mtu nimempa jibu lake. Kizito nilimwambia petroli ilikuwa mbovu. Mama wa chai nilimwambia ni ndovu. Imamu wetu nilimwambia ni mipango ya Mungu, naye akaniangalia tu. Majibu yote yana ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana yamenichosha. Sasa naandika yote kwa mpigo mmoja, mpelekeane kwenye simu zenu, na mtu asinisimamishe tena njiani.

Katwe, kabla ya kuondoka

Asiyenijua anijue. Mimi ndiye Abdu Baridi. Shule niliiacha darasa la nne, nikaja Katwe na suruali moja, nikalala juu ya matairi ya watu, na leo nina kibanda changu chenye mlango wa chuma nilioulehemu mwenyewe. Jina la Baridi sikujipa. Walinipa waendesha boda, kwa sababu injini iliyopita mikononi mwangu haipati moto. Boda ikipanda mlima wa Nakasero na abiria wawili na mkungu wa ndizi, ikafika juu bila kuhema, watu hawaulizi imetoka kiwanda gani. Wanauliza, "Baridi ameishika?"

Siri yangu wala si siri. Mafundi wengi wakitaka pikipiki iwe na nguvu wanaibana: wanakwangua uso wa hedi, kile kifuniko cha silinda, wanawahisha cheche, wanaweka jeti ndogo kwenye kabureta ili mteja afurahi kwamba petroli haiishi. Nguvu inakuja, ndiyo, na moto unakuja nayo. Mimi naibana kidogo tu, kisha naipa petroli ya kutosha, kwa sababu petroli hiyo hiyo ndiyo inayokipoza chumba kinapowaka. Mapezi ya silinda nayasugua kwa brashi na dizeli mpaka yang'ae, maana tope kwenye mapezi ni sawa na kumfunika blanketi mgonjwa wa homa. Egzosi nailainisha ndani, moshi utoke mbio. Oili mpya. Halafu namwambia mwenye boda maneno mawili ambayo nimeyasema mpaka mke wangu anayajua kwa moyo. La kwanza: pikipiki hii haina rejeta ya maji ya kuipoza, rejeta yake ni upepo, usiuzibe. La pili: ikichemka iache ipoe yenyewe, na atakayeimwagia maji asije kwangu.

Yashikeni hayo mawili, tutakutana nayo mbele.

Mashine niliyoisuka safari hii haikuwa ya mteja. Ilikuwa zawadi ya mkwe. Binti yangu Aziza alikuwa anaolewa Arua. Mnajua habari zangu na mama yake, Mastula. Tuliachana Aziza akiwa hajang'oa hata jino la utoto, mama akarudi kwao Arua, akaolewa na Saidi Drani, muuza vitambaa. Saidi ndiye aliyemsomesha. Saidi ndiye aliyekaa naye hospitali malaria ilipompanda kichwani. Mimi nilituma nilichoweza, na sisemi zaidi. Lakini dini yetu imeweka mpaka: siku ya nikaha, anayeshika mkono wa bwana harusi na kusema "nimekuoza binti yangu" ni baba aliyemzaa. Saidi alikuwa amefanya mengine yote. Hilo lilikuwa langu. Katika maisha yote ya mtoto yule kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu ambacho hakuna mtu alikuwa amekifanya kwa niaba yangu.

Nikaha ilikuwa Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Aziza alinipigia simu mapema wiki ile.

"Baba, njoo Alhamisi. Panda basi."

"Basi? Mimi? Mwanangu, nitakuja Jumamosi juu ya mashine yangu mwenyewe. Utaisikia kabla hujaniona."

"Baba, mimi nataka kukuona."

"Utaniona. Injini yangu haijawahi kunilaza njiani."

Ijumaa, badala ya kuwa njiani, nilishinda nayo Katwe nikitafuta sauti niitakayo. Niliipandisha Nakasero na kuishusha, nikaipandisha tena, kila mara nikiweka kidole kwenye hedi. Unaweza kuhesabu pole pole ukiwa umekigusa chuma bila kukiondoa kidole. Mafundi wenzangu walisimama kutazama. Wallahi ile ilikuwa injini nzuri kuliko zote nilizowahi kuzigusa, na leo bado nasema hivyo.

Bwaise mpaka Bombo

Niliondoka Bwaise baada ya sala ya alfajiri, maji ya mvua ya jana yakiwa bado yamesimama barabarani. Jamaa wa steji mlikuwepo. Kizito, wewe mwenyekiti wa steji, ulisema mbele ya watu wote:

"Mzee Baridi, ukifika Arua tupigie. Usipofika, tupigie pia."

Watu wakacheka. Mimi nikavuta mafuta mara mbili mkaziba masikio. Nyuma nilikuwa nimefunga begi la nguo zangu za harusi, kanzu mpya na koti, na mfuko wa vifaa. Mbele hakukuwa na kitu. Upepo ulikuwa unagonga silinda moja kwa moja, na barabara ya Bombo asubuhi ile niliila kama uji.

Bombo nilikuwa nataka kusalimu tu. Lakini ninyi mnazijua nyumba za Wanubi, na mnajua shangazi yangu Zamzam, dada mkubwa wa marehemu baba. Salamu yake ina chai, na chai yake ina kisra, na kisra yake haina haraka, anaipika mkate mmoja mmoja, mwembamba kama kitambaa. Nikala. Nikaangalia jua. Nikaongezwa mchuzi wa nyama, nikala tena. Mtu hawezi kusimama chakula cha shangazi kikiwa bado kinakuja.

Nilipofanikiwa kusimama, akatoka chumbani amebeba kawa. Si kawa dogo la kufunikia sahani. Lilikuwa tabaga la harusi la Kinubi, limesukwa kwa nyasi za rangi nyekundu, zambarau na kijani, duara pana kiasi cha kumficha mtu kifua na tumbo. Alianza kulisuka siku posa ya Aziza ilipokubaliwa. Chakula cha kwanza cha bibi harusi hufunikwa na tabaga kutoka upande wa baba yake. Upande wa baba ulikuwa mimi na yule bibi.

Nikalichukua nikaenda kulifunga nyuma, juu ya begi. Akapiga kelele mpaka majirani wakatoka.

"Abdu! Unaliweka wapi?"

"Kwenye siti, shangazi."

"Mahali watu wanapoweka makalio yao? Kifuniko cha chakula cha bibi harusi?"

"Shangazi, juu ya begi, siyo..."

"Begi limekaa juu ya nini?"

Nikasema basi nilivae mgongoni kwa kamba. Akasema sitaingia Arua nimebeba harusi mgongoni kama mchuuzi wa mikeka. Litangulie mbele, watu walione, wajue ni nani anakuja. Na mimi, nisiwadanganye, maneno hayo yaliniingia vizuri. Nikaliona kweli: mlio wa mashine, halafu rangi za kawa, halafu mimi.

Tukalizungushia kanga, tukalifunga kwenye chuma cha mbele kinacholinda miguu. Likasimama pale wima, limeifunika injini yote kutoka kwenye tangi mpaka chini.

Mnajua nilichokiona. Nilikiona. Mtu mwingine yeyote angeniletea pikipiki imefungwa hivyo Katwe, ningemfokea mpaka alie. Lakini hii haikuwa pikipiki ya mtu mwingine. Nikajiambia injini ya Baridi haipati moto. Shangazi akanusa mikono yangu kuniaga, akaniombea dua, nikaondoka.

Bombo mpaka Kafu

Mpaka Luweero sikusikia kitu. Baada ya Luweero mashine ikaanza kuwa nzito kidogo, kama mtu aliyeshiba. Nikadhani ni upepo wa mbele. Njia ya Nakasongola ni tambarare na ndefu, hakuna kona, hakuna jamu, hakuna abiria wa kushusha. Boda ya Kampala inakimbia kidogo inasimama, inakimbia inasimama, ina nafasi ya kupumua. Pale nilikuwa nimeifungulia mafuta tangu Bombo bila kuiachia.

Darajani Kafu nikasimama. Wale wauza nyama na gonja, ndizi za kuchoma, wakanizunguka na vijiti vyao. Mama mmoja mwenye aproni ya bluu akainama akachungulia kanga yangu.

"Ssebo, umebeba mlango wa nyumba?"

"Ni zawadi ya harusi, nnyabo."

"Na hii harufu ya nyama inayoungua ni yangu au yako?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikanunua gonja nile nikifungua plagi, niwaonyeshe kwamba natazama tu, sina wasiwasi. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya chai ya maziwa kwenye ncha yake. Ile ilikuwa nyeupe, nyeupe ya chokaa. Hata fundi wa wiki ya kwanza anajua maana yake: ndani ni jehanamu.

Nikaitazama. Nikasema kwa sauti, "Petroli ya Luweero hii, wamechanganya."

Mama wa gonja akasema, "Au mlango."

Nikaweka plagi mpya, nikalipa gonja, nikaondoka. Ndugu zangu, ningeweza kulifungua kawa pale pale, nikalivaa mgongoni, na shangazi yuko Bombo asingeliona. Hapakuwa na kazi hapo, ni kamba mbili. Hata leo nikiwa kitandani mikono yangu inazifungua zile kamba.

Karuma

Kwenye kizuizi cha Karuma, askari mmoja kijana mrefu alinyoosha mkono. Nyani walikuwa wamekaa ukingoni wakitazama magari kama wazee wa baraza.

"Mzee, shikamoo. Hilo dishi la televisheni, risiti yake iko wapi?"

"Dishi gani, afande? Hili ni kawa."

"Fungua."

Nikafungua kanga. Rangi zikatoka kwenye jua. Akaita wenzake, wakaja wakaliangalia, mmoja akaligusa kwa ncha ya kidole. Yule kijana akacheka akasema mama yake alikuwa na la namna hiyo, walipokuwa wanakaa kambini, baba yake mwanajeshi, na jirani yao Mnubi aliwapa. Akanisaidia kulifunga tena, taratibu sana. Mkono wake ukapita karibu na silinda, akaurudisha kwa kasi akapuliza vidole.

"Mzee wangu, hii inawaka! Hili kawa limeiziba. Liweke nyuma."

"Kijana, unajua mimi ni nani huko Kampala?"

"Sijui, mzee."

"Waulize boda wa Katwe kuhusu Abdu Baridi."

"Sawa, mzee. Baridi." Akatazama vidole vyake. "Safari njema."

Nikavuka daraja, mto ukinguruma chini, na kifua changu kimejaa hasira kwamba mtoto wa juzi ananifundisha injini. Adhuhuri ilikuwa imepita. Nilikuwa bado na muda. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine: pale Karuma nilikuwa bado na muda.

Njia ya mbugani

Kutoka Karuma unakata kushoto kwenda Pakwach, na barabara inapita pembeni ya mbuga. Simu inapoteza mtandao. Nilikwenda vizuri mpaka nikakuta basi limesimama, na mbele yake gari dogo, na mbele yake ndovu.

Walikuwa wengi, wakubwa kwa wadogo, na hawakuwa wanavuka. Walikuwa wamesimama tu barabarani wakijirushia vumbi. Abiria wa basi wakatoa simu madirishani kupiga picha. Utingo akanipigia kelele:

"Mzee, zima hiyo, wanachukia kelele!"

Sikuzima. Niliogopa mmoja akigeuka nikiwa nimezima, nitakufa nikipiga kiki. Kwa hiyo injini ikaendelea kuunguruma pale pale, imesimama, nyuma ya kawa, jua la mchana juu yake na upepo hata wa kupuliza mshumaa hakuna. Nilisikia sauti yake inabadilika. Kwanza ilikuwa nyororo, halafu ikaanza kugonga kidogo kidogo, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Nilisikia. Nina masikio kuliko fundi yeyote Kampala. Nikatazama jua.

Ndovu walipoondoka, walikwenda bila hata kutuangalia. Nikafungua mafuta yote. Nililipita basi, nikalipita gari dogo, nikawa naruka. Tulipotoka mwisho wa mbuga pana mlima si mlima, kimwinuko tu ambacho Nakasero ingekicheka. Katikati yake mashine ikapiga yowe kama mbuzi, na gurudumu la nyuma likafunga. Niliteleza mpaka kwenye majani, sikuanguka. Baada ya hapo kimya, na harufu.

Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania silinda. Sasa ndipo nilipofungua kawa, sasa wakati halina msaada. Upande wa ndani, kanga ilikuwa imeshika chuma na kuacha alama, na nyasi za katikati zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia.

Palikuwa na vibanda vitatu na magunia ya makaa. Mama mmoja wa Kiacholi akaja na kibuyu cha maji, akasimama mbali.

"Afande, kunywa."

"Mimi si afande, mama."

"Unasema Kiswahili kama askari."

"Mimi fundi. Fundi wa pikipiki."

Akaitazama pikipiki, akanitazama mimi. "Basi itengeneze."

Nikamweleza kwamba injini iliyoshikana hivi huachwa. Inapoa yenyewe, pole pole, pistoni inasinyaa, inaachia, na unaweza kuondoka kwa mwendo wa mgonjwa. Nimeshaziokoa nyingi hivyo. Inataka subira tu. Nikaketi juu ya gunia. Kivuli changu kilikuwa kifupi, kikaanza kurefuka. Nilikuwa nakitazama kinatambaa kuelekea barabarani. Nikamwona Aziza ameketi na hina mikononi akisikiliza mlio usiokuja. Nikamwona Saidi amevaa kanzu, anatazama saa. Nikagusa hedi, ikaniunguza. Nikakaa. Nikagusa tena, ikaniunguza.

Kulikuwa na jerikeni ya maji mlangoni mwa kibanda. Nikainuka nikaibeba.

Yule mama akasema, "Si umesema iachwe?"

Nikamimina. Mvuke ukanipanda usoni, na ndani ya mvuke nikasikia, ta! Sauti ndogo, safi, ya kikombe kinachopasuka. Hedi niliyoikwangua kwa mikono yangu, mapezi niliyoyasugua mpaka yang'ae, ufa ulikuwa umetoka kwenye tundu la plagi mpaka kwenye bolti. Nimewafukuza watu kibandani kwangu kwa kosa hilo. Kizito, nilikufukuza wewe.

Daraja la Pakwach

Lori la Mkongo ndilo lililonichukua, linakwenda Ariwara, kwao Kongo, kupitia Arua. Dereva alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya sufu katika joto lile, anaitwa Kasereka. Tuliipandisha pikipiki kati ya mabati. Akachungulia ufa.

"Papa, hii iko imekufa. Fundi gani aliitengeneza?"

Kawa nililiweka mapajani, mbele, ndani ya lori, mahali lilipopaswa kukaa tangu Bombo kama ningepanda gari kama watu wengine. Kasereka akanipa karanga, akaniuliza kama nina watoto. Nikasema nina binti. Akasema binti ni kitu kizuri. Nikaendelea kutafuna karanga bila kuisikia ladha yake.

Tulipofika kwenye daraja la Pakwach mtandao ukarudi, simu ikaanza kutetemeka, ujumbe juu ya ujumbe. Kabla sijausoma wowote ikaita. Alikuwa shehe wa Arua.

"Bwana Abdu, assalamu aleikum. Uko wapi?"

"Niko karibu, shehe."

"Alasiri tumesali zamani. Watu wa bwana harusi ni wa Yumbe, njia yao ni mbaya, hawataki giza liwakute na wanawake na watoto. Tumewaomba, wamesubiri, tumewaomba tena. Kama hutafika sasa hivi, wakilisha mtu aoze kwa niaba yako. Sema jina tu, mbele ya mashahidi hawa, inatosha."

"Shehe, nisubirini kidogo."

Kukawa na kelele ya watu, kisha sauti ikabadilika. Alikuwa Aziza.

"Baba, karibu wapi?"

"Pakwach."

Nje wanawake walikuwa wananing'iniza samaki wakavu dirishani mwa lori wakipaza sauti, "Angara! Angara!" Kasereka akazima injini, akavua kofia yake, akawaonyesha kwa mkono waondoke. Hawakuondoka.

"Baba, Pakwach si karibu."

"Najua, mwanangu."

"Basi sema jina."

"Nitamwakilisha shehe. Shehe mwenyewe akuoze, ni heshima kubwa."

Akasema pole pole, ili watu wasisikie, lakini nadhani walisikia. "Ukinipa mimi nichague, ningechagua Baba Saidi. Lakini mimi siwezi kusema. Neno ni lako, baba. Ukisema shehe, itakuwa shehe, na sitakukasirikia."

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa maneno. Mnanijua. Pale yalikuwa yamebaki mawili tu, shehe au Saidi. Mto ulikuwa unapita chini, mweupe na mpana, haukuwa na haraka. Mikono yangu ilikuwa imejaa oili na masizi, simu imekuwa nyeusi. Kumwakilisha shehe kungeniachia kitu kidogo. Ningeweza kusema Saidi hakunichukulia lile la mwisho.

Nikasema, "Mpe shehe simu."

Shehe akasema wameiweka sauti kubwa, mashahidi wanasikia. Nikasema kwa nguvu ili kelele ya angara isinifunike: "Mimi Abdu, baba wa Aziza, nimemwakilisha Saidi Drani amwoze binti yangu Aziza kwa niaba yangu."

Simu ikakatika. Kasereka akavaa kofia yake.

"Papa, hiyo ndiyo harusi?"

"Ndiyo hiyo."

Akawasha gari.

Arua

Tuliingia giza likianza. Watu walikuwa wanakunja viti. Vumbi la gari za Yumbe zilizomchukua Aziza lilikuwa limeshatua. Mastula alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, akasema, "Wewe na pikipiki." Akalipokea kawa, akaligeuza, akaona ile kahawia katikati, akalinusa.

"Nitampelekea. Nitamwambia ni la Shangazi Zamzam."

Nikangoja aseme ni langu pia. Akaingia ndani.

Saidi mwenyewe ndiye aliyeleta beseni, sabuni na mafuta ya taa kidogo kwenye kikombe, kwa sababu alijua oili haitoki kwa sabuni peke yake. Akanimiminia maji. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake tangu Pakwach, nimeyatengenezea majibu yote.

"Karibu, kaka," akasema.

"Ulimwoza vizuri?"

"Nilisema uliyoniruhusu. Sikuongeza."

Akamimina tena. Maji yalikuwa meusi, akayamwaga, akaleta mengine. Wali na nyama walikuwa wameniwekea sahani, imefunikwa na sahani nyingine. Nikala kwa sababu alikuwa ananitazama. Angekuwa mtu mbaya ningepona haraka.

Kurudi

Nilirudi kwa basi. Kiti kizuri, dirisha zuri, ndovu hawakuwepo, na Karuma yule askari hakuwepo. Pikipiki niliiacha uani kwa Saidi. Mkwe wangu alinitumia salamu kwamba ameipokea zawadi na anashukuru, ataitafutia hedi nyingine polepole. Kijana mwenye adabu. Sijawahi kushika mkono wake.

Kazi inaendelea. Mnaleta mashine zenu, nazisuka, zinapanda Nakasero na hazihemi, na mnaniita Baridi kama zamani. Upepo wenu nawaambia bado msiuzibe. Ila sauti hainitoki kwa nguvu ile ya kwanza, mmeisikia wenyewe. Shangazi amenipigia kuuliza kama watu wa Arua walilisifu tabaga. Nimemwambia walilisifu.

Juzi Mastula amenitumia video ya nikaha. Nimeiangalia nyuma ya kibanda mlango ukiwa umefungwa. Aziza haonekani, wanawake wako upande mwingine. Wanaonekana wanaume kwenye mikeka, shehe katikati, na mtu ameinua simu juu kama anatafuta mtandao. Ndani ya ile simu niko mimi. Nasikika vizuri, jina langu, jina lake, jina la Saidi, na nyuma yangu "Angara! Angara!", watoto wanacheka. Halafu Saidi anasogea mbele kwa magoti na kuushika mkono wa yule kijana. Mkono wake ni safi, kucha zimekatwa. Anafungua kinywa kusema. Na yule mwenye simu, kwa kuwa haihitajiki tena, anaizima na kuitia mfukoni.